Muwa Haukumuua Shikanga

Saa kumi na mbili asubuhi, birika la uji, likiwa juu ya kitoroli chake, linaingia wodini kabla ya Gentrix Awinja mwenyewe. Anaanza kulisukuma mlangoni akiwa bado nje, anavua kandambili zake za barabarani, anavaa viatu vya kazi, kisha anaingia huku akisalimu kitanda kwa kitanda.

"Umeamkaje, baba? Umelala?"

"Nimelala kidogo, mama."

Mzee wa kitanda cha dirishani mkono wake unatetemeka. Awinja hamjazii kikombe. Anamtilia nusu, anangoja anywe, anamtilia nusu nyingine.

Awinja, au Mama Beverly kama wengi wanavyomwita kwa jina la bintiye mkubwa, ana miaka hamsini na minne. Ni mhudumu katika hospitali moja mjini Kakamega. Anagawa uji na chai, anafagia, anabadilisha shuka, na damu ikishatolewa yeye ndiye huipeleka maabara. Alizaliwa Shinyalu, akachuma majani chai akiwa msichana, akaolewa Lurambi. Mumewe alipofariki aliomba kazi ya kufagia hapa, akabaki. Kazi ni ya mkataba, na mshahara mara nyingi huchelewa.

Asubuhi hii anafanya kila kitu kama kawaida, ila leo ameomba ruhusa ya kesho. Anakwenda Malava, kwenye boma la marehemu Protus Shikanga, mkata miwa aliyelala katika wodi hii mwezi uliopita. Alizikwa Jumamosi. Kesho ndugu zake watakaa kikao, kisha watanyoa nywele, kama ilivyo desturi baada ya mazishi.

"Nina neno la kusema pale," anasema. "Nisipolisema, kuna mwanamke atabeba mzigo ambao si wake."

Shikanga aliletwa akiwa na macho ya manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Njia ya nyongo kwenye ini lake ilikuwa imeziba. Ngozi ilimwasha hadi akajikwaruza mabega yakatoka damu. Siku ya kwanza Awinja alikwenda na kiwembe kipya, akamkata kucha zote kumi, polepole, huku mgonjwa akimchekesha.

Kaka yake Shikanga alioa Lurambi, basi Shikanga akaamua kwamba Awinja ni mulamwa, yaani shemeji.

"Mulamwa, kata vizuri. Nikirudi kwa miwa na vidole vya mwanamke watanicheka."

"Wacha wacheke. Angalau hutajichuna kama viazi."

Kisha maabara ikapima damu yake, na chumvi ikaonekana iko chini sana. Daktari Maina, anayesimamia wodi hiyo, anaeleza kwamba chumvi ya damu ikishuka kiasi kile, ubongo unaweza kuvimba. Mtu huchanganyikiwa, anaweza kupata kifafa, anaweza kufa. Mara nyingi sababu ni maji kuzidi mwilini. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kumpunguzia mgonjwa maji.

Kibao kikatundikwa juu ya kitanda: vikombe vinne tu kwa siku, pamoja na uji na chai. Mwenye kuvitoa alikuwa Awinja.

"Hakuna kazi ngumu kama kumnyima mtu maji," anasema. "Ukinyimanga mtu chakula, atakasirika. Ukimnyima maji, anakuangalia tu."

Shikanga alimwangalia, lakini pia alisema.

"Mulamwa, hata jogoo hupewa maji kabla ya kuchinjwa."

"Wewe si jogoo. Jogoo mchana hunyamaza."

Alimpa maji ya kusukutua ateme, akisimama pale ahakikishe ametema. Sista msimamizi wa wodi, ambaye watu humwogopa kwa ukali wake, alionekana zaidi ya mara moja amekaa kando ya kitanda hicho akimlowesha midomo kwa pamba.

Namba ya chumvi haikupanda. Walipima tena, ikawa ile ile. Walipunguza kikombe kimoja. Haikupanda.

Mke wake, Nasambu, alikuwa akija kutoka Malava kila alipopata nauli. Nyumba yao imezungukwa na miwa ya kiwanda, lakini nyuma ya jiko ana mashina machache ya muwa mwororo wa kutafuna. Alikuwa anaukata vipande vifupi, anaumenya, anauleta kwenye mfuko wa karatasi. Mumewe alitafuna, makapi akayaangusha chini ya kitanda. Awinja aliyafagia kila asubuhi pamoja na vumbi.

Hakuna aliyeficha. Hakuna aliyeona kuna cha kuficha. Katika nchi hii ya miwa, mtoto hutafuna muwa akitoka shule, mkata miwa hutafuna akipumzika kwenye kivuli cha trela, na hakuna mtu amewahi kusema kwamba amekunywa muwa. Muwa huliwa. Daktari alikataza maji, uji, chai, soda na supu. Wote wakatii.

Siku moja sista aliinama kuokota bomba la sindano, akaona rundo la makapi.

"Nani anafagia hapa?"

"Ni mimi, sista," Awinja alijibu.

"Na hukuona?"

"Niliona. Niliona ni muwa."

Nasambu alikuwepo, mfuko wa karatasi ukiwa bado mkononi.

"Sista, kwani muwa ni maji?"

"Ni maji, mama! Ni maji matupu, na sukari!"

"Basi sisi wa kwetu wote tungekuwa tumezama," Nasambu alisema, na alisema kwa unyonge, hakuwa akimjibu mtu vibaya. Lakini yalisikika kama jeuri. Sista aliuchukua mfuko ule. Alimwambia Nasambu, mbele ya wagonjwa wote na wageni wao, kwamba anamuua mume wake kwa mikono yake mwenyewe. Alimkataza kuleta kitu chochote tena.

Sista anakubali leo kwamba alisema hivyo. "Nilikuwa na hofu," anasema. "Tulikuwa tunahangaika na namba ile, na sasa nikaona sababu. Ukipata sababu unaishika kwa mikono miwili."

Kila mtu aliishika. Sababu ilikuwa nzuri. Mgonjwa amekatazwa maji, chumvi haipandi, na chini ya kitanda kuna makapi. Nani angetafuta nyingine? Awinja pia aliamini. Jioni ile alikwenda nyumbani Lurambi, akapika ugali na mboga, akashindwa kula.

"Nilijiambia, mimi ndiye niliyefagia. Ningeuliza hata mara moja tu, huyu mtu angepona. Nilikuwa nafagia kifo chake, na mimi nafikiri ni takataka."

Muwa ulikoma. Vikombe vikapungua tena. Nasambu alirudi Malava kwa watoto, akiwa na aibu, na hakuja tena wodini. Midomo ya Shikanga ikapasuka. Akiinuliwa kuketi, alipata kizunguzungu.

Na namba ya chumvi ikabaki palepale.

Daktari Maina akaamua kumpa dripu ya chumvi kali. Ni dawa ya hatari. Kwa mtu ambaye kweli chumvi yake imeshuka, inaweza kumwokoa. Kwa mtu ambaye haijashuka, na ambaye tayari amekauka, inaweza kumdhuru vibaya. Kabla ya kuiweka alitoa damu kwa mara nyingine. Awinja akaichukua chupa ile ndogo, akaipeleka maabara.

Aliyempokea alikuwa Chepkirui, mtaalamu wa maabara wa zamu ya asubuhi, binti wa umri wa Beverly. Alitazama jina kwenye chupa.

"Ni yule wa chumvi tena?"

"Ni yeye."

"Mama, yeye amelala tu, ama anaongea?"

"Anaongea! Asubuhi hii ameniambia nikienda kuoga nimpitishie ndoo, ainuse tu."

Chepkirui hakucheka. Aliweka chupa mezani. Hapo awali alikuwa ameona namba tu, hakuwahi kumwona mwenye namba. Mtu ambaye chumvi imemshuka hivyo kwa siku zote zile, alifikiri, angekuwa amechanganyikiwa. Asingekuwa anatania kuhusu ndoo.

Akampigia Daktari Maina simu. Awinja alikuwa bado amesimama pale, na anakumbuka alivyosikia sauti ya daktari ikisema kwa uchovu, "Hata mimi hilo linanisumbua tangu juzi. Nakuja."

Waliketi wawili, wakaulizana. Je, mashine ni mbovu? Hapana, wagonjwa wengine wote majibu yao yalikuwa sawa. Je, damu ina mafuta? Chepkirui aliinua chupa dirishani. Damu ya mtu mwenye mafuta mengi, ikitulia, maji yake ya juu huwa meupe kama yametiwa maziwa. Ya Shikanga yalikuwa angavu, ya manjano iliyokolea, kama chai ya rangi iliyokaa kwenye majani. Mtu yeyote angesema hayana mafuta.

"Lakini nilikumbuka mwalimu wetu chuoni alituambia kuna mafuta ya aina nyingine," Chepkirui anasema. "Nyongo ikizibwa kwenye ini, inarudi kwenye damu, na inazaa mafuta yasiyo ya kawaida. Hayo hayageuzi rangi. Huwezi kuyaona kwa macho. Sikuwa nimewahi kukutana nayo."

Aliipima damu ile kiwango cha mafuta. Yalikuwa zaidi ya mara nane ya kawaida.

Kisha akaipeleka damu hiyo hiyo hadi chumba cha upasuaji, kwenye mashine ndogo ambayo hutumika kwa wagonjwa mahututi. Mashine ile ndogo ilisema chumvi ya Protus Shikanga ni ya kawaida kabisa.

Awinja alipoambiwa hakuelewa. Damu moja, mtu mmoja, mashine mbili nzima, majibu mawili. Chepkirui alitafuta namna ya kumweleza, akaipata sokoni, kwenye gorogoro, mkebe wa kupimia nafaka.

"Mama, ukinunua mahindi gorogoro moja, unajua utapata ugali wa siku ngapi, si ndiyo?"

"Najua."

"Sasa muuzaji achanganye magunzi ndani. Gorogoro imejaa mpaka juu. Ukienda kusaga?"

"Unga kidogo."

"Je, mahindi yake ni mabaya?"

"Mahindi ni mazuri. Ni magunzi yamekula nafasi."

Ndivyo ilivyokuwa. Mashine kubwa ya maabara huchota kipimo kidogo cha damu, huongeza maji, kisha huhesabu chumvi. Inaamini kipimo kile karibu chote ni maji, kama kilivyo kwa watu wengine. Lakini chumvi hukaa kwenye maji ya damu, haikai kwenye mafuta. Kwa Shikanga mafuta yalikuwa yamekula nafasi, kwa hiyo mashine ilichota maji machache na kuhesabu chumvi kidogo. Mashine ndogo hupima damu ilivyo, bila kuongeza kitu, kwa hiyo haikudanganyika. Walipopima tena na tena kwa mashine kubwa, walikuwa wanapata kosa lile lile, na kwa kuwa lilikuwa lile lile, lilifanana na ukweli.

"Nilimuuliza, kwa hivyo muwa?" Awinja anasema. "Akaniambia, mama, muwa haukushusha kitu. Chumvi haikuwa imeshuka."

Hapo anasimama, anafuta meza ambayo tayari ni safi.

Daktari Maina alirudi wodini. Hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe kwenye meza ya Awinja, akachukua jagi, akajaza kikombe, akakipeleka kitandani na kukaa. Shikanga alikitazama kikombe, akamtazama daktari.

"Ni cha kunusa, ama cha kunywa?"

"Ni cha kunywa. Na kingine kikiisha. Tulikosea, mzee. Pole sana."

Alikunywa taratibu, akishika kikombe kwa mikono miwili, kama mtu anayehofu kitachukuliwa. Akaomba cha pili. Cha tatu hakukimaliza, usingizi ulimchukua kikiwa kifuani, na sista ndiye aliyekitoa bila kumwamsha.

Kisha daktari akamwita Awinja, palepale mbele ya sista na wagonjwa walewale waliosikia akikaripiwa. "Mama Beverly, muwa haukumfanyia mtu huyu ubaya. Tulimkausha, na muwa ndio uliomsaidia asikauke zaidi. Wewe na mama yule hamna kosa."

"Daktari mwingine angeniambia kwa pembeni," Awinja anasema. "Yeye alijua nilitukanwa mbele ya watu, akanitoa lawama mbele ya watu. Hiyo sitaisahau."

Sista alimfuata chumba cha kuoshea vyombo. Walikunja shuka pamoja, mmoja akishika ncha hii na mwingine ile, mpaka zikaisha.

Laiti Nasambu angekuwepo. Hakuwepo. Siku iliyofuata Shikanga alipelekwa Eldoret kufunguliwa njia ya nyongo, na huko wakakuta uvimbe uliokuwa umeiziba. Haukuwa wa kuondolewa. Waliweka mrija mdogo nyongo ipite, akaacha kujikuna, akarudi Malava. Alikula, alikaa nje na watu, alikunywa maji alivyotaka. Kisha uvimbe ukamaliza kazi yake, akafariki nyumbani kwake, mchana, watoto wakiwa wamekaa naye.

Nasambu aliambiwa na mumewe kwamba walimrudishia maji. Kwa nini waliyakataza na kwa nini waliyarudisha, Shikanga mwenyewe hakuwa amelielewa vizuri. Alikuwa amelala, kisha akawa garini. Katikati ya hekaheka zile, sisi wa hospitali, anasema Daktari Maina, tulisahau kwamba kuna mtu mmoja zaidi wa kuambiwa.

Lakini maneno ya sista yalikuwa yamekwisha kufika Malava. Kulikuwa na wageni wengine wodini siku ile, na mmoja alikuwa jirani. Kwenye matanga yalisemwa chini kwa chini, na baada ya mazishi yakasemwa juu. Shemeji mmoja alimwambia Nasambu waziwazi, "Daktari alikataza. Wewe ukamlisha."

Jumapili Nasambu alimpigia Awinja simu.

"Mama Beverly, niambie tu ukweli. Ni mimi nilimmaliza?"

Awinja alimweleza yote, mahindi na magunzi, mashine kubwa na ndogo. Nasambu alisikiliza. Kisha akasema maneno ambayo Awinja anayarudia polepole.

"Mimi nimekuamini. Lakini mimi siye ninayesema. Njoo uwaambie wao."

Miwa ya kiwanda imeota hadi karibu na dirisha lake. Siku hizi, Awinja anasema, Nasambu hulifunga dirisha hilo hata mchana. Mashina yale ya nyuma ya jiko aliyang'oa kwa jembe siku aliyorudi kutoka hospitalini.

Wodini mambo yamebadilika kidogo. Mgonjwa wa macho ya manjano akionekana chumvi yake imeshuka, damu yake hupelekwa pia kwenye mashine ndogo kabla mtu hajaandika kibao cha maji. Chepkirui amekuwa na tabia ya kupanda ngazi kuja kumtazama mgonjwa ambaye namba zake zinamshangaza. Wahudumu nao wameanza kuulizwa asubuhi, wakati wauguzi wanapokabidhiana zamu: huyu amekula nini, ametafuna nini, anaongeaje.

Daktari Maina amemwambia Awinja kesho atakaa karibu na simu. Wakitaka kumsikia, atazungumza nao wote, kwa muda wowote watakaohitaji. Chepkirui ameahidi kumshikia kazi ya kugawa chai ya saa nne, jambo lililowachekesha wagonjwa. Sista amenunua unga wa ngano na majani chai, akaviweka kwenye mfuko bila kusema ni vya nani. Alipoulizwa, alisema, "Vya Nasambu. Umwambie ni mimi." Kisha akageuka, akarudi tena. "Umwambie nitakuja mwenyewe Jumapili."

Katika ukoo wa Shikanga, kwenye kikao cha kunyoa nywele ndipo ndugu huketi na kuulizana mtu wao amekufa na nini. Mwenye neno hulitoa hapo. Nywele zikishanyolewa, kilichosemwa ndicho kinachobaki, na watoto hukua nacho.

Awinja hajawahi kusimama mbele ya wazee wa boma lisilo lake. Anasema anaogopa. Yeye ni mwanamke, ni mgeni, na ni mhudumu wa kufagia. Wanaweza kumwambia akae. Amefikiria hilo pia.

"Wakiniambia nikae, nitakaa kando ya Nasambu. Halafu nitaomba tena," anasema. "Gari la kwanza la Malava ndilo langu. Nataka nifike kabla wembe haujagusa kichwa cha mtu."